Mstari Uliopinda Ukurasa wa Tisa

Wizara ilitamka, na tamko likapigwa muhuri, kwamba kuanzia mwaka ule hakuna raia mwenye kisukari atakayepoteza macho yake kwa kukosa taarifa. Taarifa ingemfikia kila mmoja mahali alipo, kwa lugha nyepesi, kwenye karatasi iliyokunjwa mara tatu, nakala elfu arobaini kwa kuanzia.

Aliyeisahihisha karatasi hiyo kabla haijachapwa alikuwa mzee mmoja wa kiwanda cha uchapaji cha serikali, ambaye wenzake walimwita Nukta. Jina lilimkaa kwa sababu mbili: umbo lake dogo, na tabia yake ya kumaliza ubishi kwa neno moja. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekaa katika chumba chenye dirisha moja na taa ya mrija inayokonyeza, mkononi ana kalamu nyekundu, akisoma kila kitu ambacho serikali ilitaka kuwaambia watu. Sheria, zabuni, bajeti, ratiba za mitihani. Vyote vilipita kichwani mwake kama maji kwenye bomba, na bomba halijui maji yanakwenda kwa nani. Alikuwa na msimamo kwamba msahihishaji akianza kuelewa anachosoma, ndipo anapoanza kukosea.

Kwa hiyo karatasi ya kisukari aliisoma mara mbili, akahakikisha kwamba neno "retina" limeandikwa sawasawa mahali pote sita. Retina ni nini, hakuulizwa.

Wakati huo sukari ilikuwa imeshampanda, ila yeye alichojua ni kiu. Aliweka jagi la plastiki la lita mbili kando ya meza, na kufika saa nne asubuhi likawa tupu. Njia ya kwenda msalani ilipita mbele ya mashine kubwa, na fundi wa mashine hiyo, mtu mnene aliyeajiriwa mwaka mmoja na Nukta, akawa anahesabu.

"Ya saba hii, Nukta. Unakagua mashine au unakagua choo?"

"Choo," alisema Nukta, akapita.

Halafu likatokea jambo ambalo kiwanda kizima kililiita baraka. Miwani ya kusomea, aliyoivaa tangu alipovuka miaka arobaini na mitano, ilianza kumsumbua. Akaivua, herufi zikawa safi. Zikawa safi kuliko ujanani. Mzee wa miaka hamsini na minane akasoma matangazo ya viwanja, yale yenye herufi ndogo kama vichwa vya sindano, kwa macho matupu. Wenzake wakaja kumtazama. Fundi akamwuliza anatumia dawa gani, na kama inafanya kazi sehemu nyingine za mwili. Nukta akaifungia miwani kwenye mtoto wa meza, na kwa wiki kadhaa akatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mkewe hakuona baraka. Aliona suruali zinazoshikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu la tatu kwa msumari, na mume anayeamka mara tano kukojoa. Akampeleka kliniki kama mtu anavyopeleka redio mbovu kwa fundi, bila kuiuliza redio maoni yake.

Tabibu wa kliniki alikuwa mama mwenye sauti ya kuchoka, aliyekuwa akieleza jambo lile lile kwa mgonjwa wa thelathini siku hiyo. Sukari ilikuwa kumi na tisa, karibu mara tatu ya kawaida. Akamwambia kwamba sukari ikizidi huvuta maji popote yalipo. Ndiyo maana ya kiu, ndiyo maana ya choo. Hata lenzi ya jicho hunywa maji ikavimba kama haragwe lililolowekwa, na mtu wa makamo anaweza kushangaa anaona karibu bila miwani. Akianza dawa, maji hutoka, lenzi hurudi, na kwa wiki kadhaa macho hayatulii. Avumilie, asinunue miwani mpya haraka. Tena aende idara ya macho wakamchungulie nyuma ya jicho, maana kule ndiko kwenye hatari yenyewe, na hakuumi.

Nukta aliisikiliza nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimkuta anawaza prufu, zile kurasa za majaribio, za Gazeti la Matangazo, zinazotoka Jumatatu moja na kuruka inayofuata.

Alikunywa vidonge siku kumi. Siku ya kumi na moja, herufi zikaota ukungu. Akaitoa miwani kwenye mtoto wa meza, ukungu ukabaki. Akasoma ukurasa mmoja kwa saa nzima, na bado fundi akagundua kosa lililompita. Fundi alilizungushia duara tu, bila utani, na duara hilo lilimuuma Nukta kuliko utani wote wa miaka thelathini na moja.

Kazi ile ilikuwa macho, basi. Hakuwa na mtaji mwingine, na kustaafu kulikuwa bado miaka miwili. Akaacha vidonge kwa siku tano ili ajaribu, akanywa chai yenye vijiko vinne, na herufi zikarudi kwa adabu. Hesabu yake ikawa imekamilika: dawa inaharibu macho, sukari inayatengeneza. Mtu mwingine angerudi kliniki kuuliza. Nukta alikuwa mtu wa kusahihisha, akajisahihisha mwenyewe. Akatengeneza ratiba. Wiki ya gazeti, hakuna vidonge. Wiki isiyo na gazeti, vidonge kama kawaida, ili mkewe akihesabu pakiti asikute kasoro kubwa. Vya wiki ya gazeti alivitumbukiza kwenye kopo la kalamu zilizokauka, mezani kwake kazini.

Aliishi hivyo mwaka mmoja na miezi minne. Kiu ikija, anajaza jagi. Ikiondoka, anasinzia. Alichoka namna ambayo usingizi hauigusi, akaamini ni umri. Mkewe alimwuliza mara mbili kama alikwenda idara ya macho, naye akasema foleni ilikuwa ndefu. Hakuwa amefika kuiona, ila kwa jinsi anavyoijua serikali, hakuona kama anasema uongo.

Kisha, Jumatatu moja, akarudisha ukurasa wa tisa. Pembeni alikuwa ameandika kwa wekundu: mstari wa kumi na nne umepinda, unyooshwe. Fundi akatengeneza bamba la kuchapia upya. Nukta akaurudisha. Sasa imepinda mistari miwili, wa kumi na nne na wa kumi na tano, katikati, kana kwamba kuna kitu chini ya karatasi. Fundi akatengeneza tena, huku akitukana bamba, karatasi na aliyegundua uandishi. Mara ya tatu uliporudi, alizima mashine. Mashine ile ikizimwa, jengo zima husikika limenyamaza, na watu wakatoka vyumbani kuangalia nani amekufa.

Fundi aliingia chumba cha Nukta na rula ya chuma. Akailaza chini ya mstari wa kumi na nne.

"Angalia hapa, mzee mwenzangu."

Nukta akainama, akaifuata rula kwa ncha ya kalamu nyekundu.

"Rula yako nayo imepinda," alisema.

Fundi akavuta kiti. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa ndani ya chumba kile. Akaizungusha rula, akaiweka kwenye ukingo wa meza, akaiweka kwenye fremu ya dirisha. Kila alipoiweka, Nukta aliona kivimbe kilekile katikati, kikihama pamoja na jicho lake.

"Rula haijapinda, Nukta," fundi alisema taratibu, kama anayemwomba radhi. "Twende nikupeleke nyumbani."

Kesho yake mkewe alimpeleka kliniki, mkononi ana kopo la kalamu, ambalo fundi alikuwa amelileta kutoka kazini, kama kielelezo cha mahakamani. Mama tabibu alivimwaga vidonge mezani, akavitazama, akavirudisha. Hakugomba. Huenda alikuwa ameshagomba na wengine asubuhi hiyo. Alisema ni maji yaleyale, safari hii yamepita mlango wa nyuma. Mishipa midogo nyuma ya jicho imelegea kwa sukari, inavuja, na pazia linalopokea picha, yaani retina, limevimba pale katikati, mahali pa kusomea. Ndiyo maana mistari inapinda. Siku hizi kuna sindano za kuzuia uvujaji, na zinasaidia kama jicho limewahiwa.

"Nitasoma tena?" aliuliza Nukta.

"Nenda mwisho wa korido ukapimwe kwanza. Hilo la kulia naona lina matumaini."

Nukta hakuuliza la kushoto. Tangu mwanzo alikuwa anajiona mtu mwenye macho, si mtu mwenye jicho moja na jingine.

Mwisho wa korido muuguzi alikuwa na fomu ya wizara. Jina, umri, kazi. Kisha akasoma bila kuinua uso: mgonjwa amewahi kupata maelezo ya maandishi kuhusu kisukari na macho?

"Nimeyasoma mara mbili," alisema Nukta. "Hayakuwa na kosa."

Mkewe akageuka, akamtazama. Muuguzi akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha Ndiyo.

Akamsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Kwa jicho la kulia Nukta alisoma hadi mstari wa tano, polepole, na kuripoti kwamba umepinda kidogo. Muuguzi akaandika, halafu akamwambia afunike la kulia kwa kiganja na asome kwa la kushoto, aanzie juu.

Herufi ya juu ilikuwa moja tu, yenye ukubwa wa sahani. Nukta akauliza ubao uko upande gani.