Bunduki za Upepo Ndani ya Friji la Mama

Mwanamume mzima akiingiwa na hofu hasemi anaogopa. Husema anajiandaa. Hilo nimelijua kwa sababu nafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Naif, Dubai, na mwaka ule wa uchaguzi wa kwetu Kenya, maandalizi yote ya wanaume wetu yalipita mikononi mwangu.

Kontena letu ni la shirika. Huyu ana magodoro, yule ana vipuri, mwingine ana mabegi ya wanafunzi. Kila mtu ananiambia alichofunga, mimi naandika, kontena linakwenda Mombasa. Boksi la mtu huwa halifunguliwi. Tunaaminiana, na mpaka mwaka ule nilidhani hiyo ni sifa nzuri.

Miezi miwili kabla ya kura zikaanza zile sauti za kusambazwa kwenye simu. Mtu asiyejulikana anahema, anasema ameambiwa na mkubwa fulani kwamba safari hii damu itamwagika. Wanaume wa kwetu wakasikiliza, wakasambaza, kisha wakakimbilia madukani. Bunduki ya kweli Dubai huipati, na anayeiulizia anaitafuta jela. Basi wakanunua chochote kilichofanana nayo: bunduki za upepo za kupigia ndege, tochi za kupiga shoti ya umeme, visu vya porini kwa watu ambao hata kuku huchinjiwa. Kulikuwa na jamaa akiuza makopo ya risasi za hizo bunduki za upepo nyuma ya pazia la duka lake la manukato. Yalipobaki machache niliona watu wenye ndevu zao wakinyang'anyana kama watoto na peremende. Mmoja alinijia ofisini akijisifu kwamba ametuma hela nyumbani na ameshanunuliwa risasi za kweli, boksi mbili. Nikamuuliza bunduki iko wapi.

"Hiyo itatafutwa, inshallah."

Nilicheka mpaka machozi. Bosi wangu, bibi wa Kizanzibari aliyekuja huku akiwa msichana, hakucheka.

"Wacha kucheka wewe," akaniambia. "Fungua maboksi yao utizame."

Nikayafungua yote, wiki nzima, nikawarudishia watu takataka zao huku wakinitukana. Wallahi nilijiona mtu wa maana sana.

Maandalizi yangu mimi yalikuwa ya namna nyingine. Mama yetu anaishi peke yake Mombasa na anajidunga insulini mara mbili kwa siku. Uchaguzi wa nyuma yake umeme ulikatika siku nne, barabara zikafungwa, dawa ikaharibika ndani ya friji lililozima, akalazwa. Niliapa halitamkuta tena. Mwaka mzima nilikusanya kidogo kidogo: kwanza sola ya kuweka paani, halafu betri, halafu nikamtafuta fundi wa mtaani kwao aje kufunga nyaya. La mwisho lilikuwa friji dogo linalotumia betri hiyo. Nikamwambia anunue insulini ya miezi mitatu mapema, kwa kuwa pa kuiweka patakuwepo. Hakuna aliyenisifu. Kununua waya wa sola hakumfanyi mtu aonekane shujaa.

Shujaa wetu alikuwa kaka yangu. Ni mlinzi wa hoteli moja huko Al Mankhool, miaka sita analinda mlango kwa redio ya mkononi na sare iliyopigwa pasi, hajawahi kuhitaji hata fimbo. Lakini sauti moja ya simu ilitosha kumfanya jemadari. Siku ya kufunga friji la mama alikuja kunisaidia. Kwetu friji halisafiri tupu. Mashine ya kufulia hubeba nepi, friji hubeba mchele na viatu. Kusafirisha hewa ni ubadhirifu. Nikamwachia alijaze kanga na shuka za mama, mimi nikaenda kumhudumia mteja. Niliporudi ameshalizungushia utepe wa gundi. Nikaandika: friji moja, nguo ndani. Maboksi ya watu baki nilikuwa nimeyafungua yote. La kaka yangu sikulifungua.

Chini ya kanga alikuwa ameweka bunduki tatu za upepo na makopo kumi na moja ya risasi zake.

Mtambo wa kumulika mizigo bandarini Mombasa uliviona vyote mara moja. Kontena zima likazuiwa, na mpokeaji wa friji alikuwa mama. Mwanamke wa miaka sitini na nane akaitwa forodhani kueleza silaha. Siku tatu alisimama kwenye foleni juani, amevaa viatu vya kufunika vya kwendea harusini, kwa sababu kwake yeye ofisi ya serikali haiendewi na ndara. Wakamwelewa, wakamwachia aende zake, friji wakabaki nalo. Alirudi nyumbani na lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu. Hakutuambia.

Uchaguzi ukaja, na hakuna kilichotokea. Watu wakapiga kura, wakabishana redioni, wakarudi makazini. Wiki ile ile transfoma ya mtaa ikaungua, jambo la kawaida kwetu, umeme ukakatika siku tano. Insulini ya miezi mitatu ikapikwa na joto ndani ya friji la zamani la mama. Kwa macho haikubadilika, naye akaendelea kujidunga. Lengelenge likawa kidonda, kidonda kikaoza. Hospitalini wakamkata vidole viwili.

Nilimfuata kaka kwenye kambi yao ya wafanyakazi huko Muhaisnah. Nilikuwa nimejaa matusi tangu kwenye basi.

"Dadangu, mimi nilikuwa namlinda mama," akaanza.

"Kwa bunduki ya kupigia shomoro? Mama angempiga nani, na macho yale yaliyofifia?"

"Hujui ingekuwaje. Shukuru Mungu tu hakuna aliyemvamia."

"Amevamiwa. Na wewe."

Akaanza kukunja sare yake. Nami nilitaka aseme kitu, chochote, nipate kuendelea, kwa sababu nikinyamaza nilikuwa nakumbuka nani aliandika "nguo ndani".

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, nikaifungulia spika.

"Mwanangu, ukipata mtu wa kuja huku nitumie viatu vyenye mkanda wa nyuma. Ndara hazinikai. Napiga hatua mbili, moja inabaki nyuma."

Kaka akasogea karibu na simu. "Nitanunua mimi, mama. Kesho hiyo hiyo, inshallah."



"Anunue," mama akaniambia mimi. "Lakini boksi ulifunge wewe."