Fundi Aliyemkatalia Mama Mkwe

Ndayisenga ana gereji hapa Runazi, ukuta mmoja na duka langu la vipuri chakavu. Ukimletea pikipiki iliyozimika utamkuta amechuchumaa, kofia kaigeuza nyuma, na hatakupa pole. Atakuambia kilichoharibika. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na sufuria na watoto, wakapata shamba la mihogo, na yeye alipoona jembe halimtaki akaenda Biharamulo mjini kushika spana kwenye gereji ya watu, mpaka mwenye gereji akawa anamwachia funguo. Ni fundi mzuri. Nasema hivyo mimi ninayemuuzia vitu na ambaye simpunguzii bei.

Udhaifu wake ulikuwa mama mkwe.

Mama mkwe huyo ni Tecla. Alianza na beseni la maharage sokoni. Leo anakodisha gari la harusi. Ni spoti nyekundu ya milango miwili, ya zamani, imelala chini kiasi kwamba kuku akipita mbele yake anaonekana mrefu. Aliipata kwa kubadilishana na ng'ombe, kwa mtu aliyekuwa anahama. Watu walicheka. Lakini kuanzia hapa hadi Ngara maharusi wanaitaka hiyo hiyo.

Kwenye familia zao mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawakai kiti kimoja, na maneno mazito hupitia kwa mtu wa tatu. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa niko jirani na sina haya.

Ile spoti ilipoanza kunuka petroli, Ndayisenga aliifungua akakuta nozo, vile vidude vinavyopuliza petroli ndani ya injini, zinazunguka kwa kidole. Oringi zake, pete ndogo za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimekauka na kulegea. Akataka mpya ziagizwe Mwanza. Tecla akasema, kwa kupitia kwangu, kwamba tyubu ya pikipiki inatosha. Mbona inafunga magunia, inafunga kuni, inafunga hata mlango usio na bawaba? Mteja mwingine angejibiwa palepale. Huyu hakujibiwa. Mkwe alichukua mkasi, akakata pete kwenye tyubu na kuzivisha.

Zilishika kwa muda. Halafu, wiki ya harusi ya Iradukunda wa kule Keza, gari likarudi linanuka kama kituo cha mafuta. Tulipozing'oa nozo, pete za tyubu zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa, na petroli inachuruzika juu ya injini ya moto.

Tecla alikuja jioni, akasimama upande wa pili wa gari, mgongo kwetu.

"Shikamoo mama," Ndayisenga alisema, akiitazama spana.

"Marahaba. Jirani, mwambie mwenzako akate nyingine. Jumamosi si mbali."

"Mwambie mama tyubu haivumilii petroli."

"Mwambie mbona mwanzoni ilivumilia."

"Mwambie mwanzoni nilikosea mimi, kwa kukubali."

"Wote nimewasikia," nikasema, "na nina duka la kufunga."

Tecla akakohoa. "Pale stendi yupo Faustini. Atakata leo hii bila hotuba. Mwambie huyu alete funguo."

Ndayisenga alizitia mfukoni. Alijua anachohatarisha. Nice, mkewe, ni binti wa huyu mama, na kwao mkwe mkaidi humuona mke akiitwa nyumbani kumsaidia mama yake kazi, kisha hakai siku mbili tu. Anakaa mpaka mume aende kuomba radhi mbele ya wazee.

"Mama," akasema, na safari hii hakupitia kwangu. "Gari hili halitoki. Atakaa humo binti wa watu na shela lake. Likishika moto hatatafutwa Faustini. Tutatafutwa mimi na wewe. Ukitaka kuniita kwa wazee, niite, nitakuja. Funguo sitoi."

Mimi nikajifanya natafuta boliti. Tecla aliliangalia gari, si mtu. Aliyekulia sokoni akisikia bei ya mwisho huijua.

"Basi la Mwanza linafika lini?" aliniuliza.

"Ijumaa."

Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi Nice aliitwa kwa mama yake. Ndayisenga alishinda akisugua plagi ile ile. Mchana nikamwona mkewe anarudi, anacheka mwenyewe njiani.

"Kasemaje?" mumewe akauliza.

"Kaniuliza kama siku zote uko mbishi hivi. Nikamwambia ndiyo."

"Halafu?"

"Akasema afadhali."

Mchana huo Ndayisenga alikula sahani mbili.

Oringi zilifika Ijumaa. Alizipaka oili kidogo zisijikunje, akazisukuma nozo kwa mkono, taratibu, zikakaa bila kucheza. Akafungulia swichi bila kuwasha injini, pampu ikajaza mafuta, naye akapitisha karatasi kavu kwenye kila nozo. Ikatoka kavu.

Tecla akataka kuonjeshwa mwendo wa gari. Pembeni ya mkwe hakai, kwa hiyo alijipenyeza kiti cha nyuma, magoti kidevuni, na mimi akaniweka mbele.

"Wewe ni ukuta," akaniambia. "Kaa."

Tulipanda mlima injini imetulia. Nilimsikia nyuma yangu akinusa, akitulia, akinusa tena.

"Mkwe," akasema juu ya kichwa changu, "pale mbele kuna shimo."

"Nimeliona, mama."

"Basi likwepe."

Jumamosi Ndayisenga aliliendesha mwenyewe hadi Keza, na maharusi nyuma. Tecla alipanda Noah iliyofuata, kioo wazi, akiwaambia wenzake kila kona kwamba dereva wa gari lile jekundu ni mkwe wake.