Nilitoa ushuhuda wa uongo Asembo Bay, kanisa likaniamini

Wakuu, habari za siku. Naandika haya nikiwa sijaonja kitu kwa miezi saba, kwa hivyo mkipata mahali nimeongeza chumvi, mnilaumu mimi. Chupa haina makosa leo.

Ilikuwa Jumapili. Niliamka pale Mamboleo kwenye kibanda cha muuza mbao, kichwa kizito, kiatu kimoja kimehama. Nilikipata kwenye mtaro. Nikavaa, nikabeba mkoba wangu, nikaanza kutembea.

Sikuwa na mpango. Niliacha shule darasa la saba na tangu hapo naishi hivyo. Nikichoka na mahali, miguu inaamua.

Pickup moja ilikuwa inaenda Asembo Bay kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani. Dereva alinipa lift, lakini nyuma, juu ya magunia matupu. Alisema nikikaa mbele nitamlewesha kwa harufu. Haki yake.

Aliponishusha karibu na ziwa nikasikia ngoma na watu wakiimba. Sasa niambieni, mtu anasikia kitu kama hicho na anapita tu? Mimi siwezi. Hata nikisikia fundi anapiga nyundo lazima nikaone anatengeneza nini.

Kanisa lilikuwa la mabati. Nikapewa kiti cha plastiki na kitabu cha nyimbo cha Dholuo. Dholuo yangu ni ya sokoni, inatosha kununua samaki na kutukanwa. Lakini niliimba. Nyuma ya kanisa samaki walikuwa wanakaangwa, na nitasema ukweli, nusu ya imani yangu siku hiyo ilitoka huko.

Nusu nyingine ilitoka kwa uchovu. Mwaka huo nilikuwa nimejaribu kuacha chang'aa mara nne. Rekodi yangu ilikuwa siku sita.

Mchungaji akaomba wageni wasimame wasalimie kanisa. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Nilipaswa kutaja jina na nilikotoka, kisha nikae. Lakini watu wote waligeuka wakanitazama kama mtu wa maana, na hiyo nilikuwa sijaipata kwa muda mrefu. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Bwana asifiwe. Nilikuwa mlevi wa chang'aa, Mungu akanitoa. Sasa ni miaka miwili sijagusa."

Wakuu, ilikuwa masaa kumi na moja. Labda kumi na mbili.

Makofi. Vigelegele. Mama mmoja alilia. Nikakaa chini nimejaa kama mheshimiwa aliyeshinda kura.

Ushuhuda nimesikia mwingi kwenye mikutano ya barabarani, najua unavyosemwa. Nilichokuwa sijui ni desturi ya kanisa lile. Ukishuhudia kwamba Mungu amekutoa mahali, unapewa mtu ambaye bado yuko mahali hapo, ukae naye wiki nzima.

Baada ya ibada, niko kwenye samaki wa pili, yule mama aliyelia akaja. Anaitwa Mama Atieno, anauza omena. Akaniambia ana kaka, Ouma, fundi wa mashua, ambaye ana siku tatu tu tangu aache. Daktari amesema akirudia, ini halitamvumilia tena. Nitalala kwake, chumba kimoja na Ouma, nimwonyeshe njia. Kisha akasema mimi ndiye jibu la maombi yake.

Mwiba ulikaribia kuniua.

Nilifikiria kutoroka. Mama Atieno alikuwa ametangulia na mkoba wangu kichwani, lakini mkoba ningeuacha, nimeshaacha vitu vikubwa zaidi. Kilichonipeleka ni udadisi. Nilitaka kuona mtu wa siku ya tatu anakaa aje.

Tulimkuta mlangoni, ameshika fimbo, anafukuza bata kwenye omena iliyoanikwa juu ya nyavu. Mama Atieno akamwambia huyu ndiye wa miaka miwili, akaenda kugeuza omena.

Mikono ya Ouma ilikuwa inatetemeka. Yangu pia. Nikakaa nikijua kwamba mtu huyu anaweza kufa, na mimi ndiye dawa aliyoletewa.

"Mzee, ile miaka miwili haiko. Nilikunywa jana."

Hakugeuka. Alifukuza bata mwingine kwanza.

"Najua. Nilikuwa nyuma yako kanisani, nikatoka kabla ya samaki. Kitabu ya nyimbo ilikuwa inapepea kwa mkono yako kama bendera ya chifu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza mbona hakumwambia dada yake.

"Omera, ndugu yangu, huyo ameniletea watu watatu. Mmoja ana miaka kumi, wengine wamepita hapo. Wanaongea juu ya pombe kama mtu anakumbuka shule ya msingi. Mimi nilimwomba Mungu mtu ya jana."

Wakuu, nimeitwa majina mengi, na polisi na wenye nyumba. Hilo halikuwahi kuwamo.

Lakini Ouma alinituma nikamwambie dada yake mimi mwenyewe. Alisema tukificha uongo leo, kesho tutaficha chupa.

Nikamwambia. Mama Atieno akashika kiuno.

"Umedanganya kwa nyumba ya Mungu, ukakula samaki."

"Ndiyo, Mama."

"Samaki mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Basi utalala hapa. Jumapili utasimama tena useme ukweli. Ukitoroka, hiyo uongo itabaki na mimi, na sina mahali ya kuiweka."

Akanionyesha godoro chini ya dirisha. Nikaweka mkoba. Ouma akaingia, akapiga magoti kwa shida, akanivuta shati nami nipige.

"Mungu, tuko wawili. Tushike mpaka chakula ya jioni, kisha tutaongea tena."

Amina yangu ile ndiyo kitu cha kwanza cha kweli nilichosema siku hiyo kwa Mungu.

Somo nililopata: nilidhani neema inangoja mtu anawe kwanza. Mimi ilinikuta katikati ya uongo, nimeshiba. Na msiache pombe ghafla mkiwa peke yenu, ni hatari kwa mwili. Jumatatu asubuhi Mama Atieno alitupeleka sote wawili kwa nesi, maombi yakiendelea njiani. Miezi yangu saba inahesabiwa kutoka hapo.

Kama kuna mtu wa jana humu ndani, aandike hapo chini, hata neno moja. Wa miaka kumi pia karibuni, lakini mpunguze mawaidha.