Akina Thora Wawili

Mama yangu, aliyezaliwa Thora Mickelsen, alijifunza kusoma makaburini. Neno la kwanza alilolitambua lilikuwa jina lake mwenyewe, limechorwa kwa msumari kwenye bamba la saruji. Chini ya bamba hilo amelala dada yake, naye aliitwa Thora. Alikufa kwa kifaduro kabla hajatimiza miaka miwili, na mama alipozaliwa mwaka uliofuata, wazee wakampa jina lilelile. Hapa bondeni kwetu Sanpete zamani ilikuwa kawaida. Jina la bibi mzaa baba lilitakiwa liwe na mtu wa kuitika.

"Hukuogopa?" niliwahi kumuuliza.

"Niogope nini? Nilikuwa najivuna. Wenzangu wote hakuna aliyekuwa na jiwe."

Ndivyo alivyo. Mimi ni mtu wa wasiwasi, mtoto akikohoa mara moja tu nimeshamshika paji la uso. Mama hapana. Alinyonyoa batamzinga kiwandani akiwa na mimba yangu, akasimama na buti mferejini kila zamu yake ya maji ya kumwagilia ilipofika, akalea watoto sita, akamzika baba yetu, na sijapata kumsikia akisema hajui itakuwaje.

Kila mwisho wa Mei, Siku ya Kumbukumbu ya wafu, hukata maua ya bustanini kwake, akayatia kwenye makopo ya pichi aliyoyafunga foili, akaenda kuwapangia watu wetu makaburini. Kopo moja huliweka penye nyasi tupu, karibu na kisiki cha mti wa maua ya zambarau. Mimi nilijua ni la Thora mdogo. Kaka yangu Verl, ambaye siku hizo alikuwa akikimbizana na wenzake kati ya makaburi, alidhani ni kopo lililozidi. Bamba lenyewe hatukuwahi kuliona. Makaburi yetu humwagiliwa kwa kufungulia maji ya mfereji, na tope la miaka mingi lilikuwa limelimeza.

Mwaka jana wifi yangu LaRae, mke wa Verl, aliingia kwenye tovuti ya mambo ya nasaba. Kusema kweli alifanya kazi nzuri. Alimpata kaka wa babu Anker, baba yake mama, aliyepotelea Idaho, na wajukuu zake wakatutumia picha: pua zote ni zetu. Kompyuta ndiyo iliyolinganisha majina, wazazi na mahali, ikamwambia LaRae ni huyu, na kweli alikuwa huyu. Tangu hapo akaiamini kama anavyoliamini jiko lake.

Jumapili moja tulikuwa mezani kwa mama baada ya ibada, LaRae akicheza na simu. Mara akacheka mpaka akaweka uma chini.

"Mama, kumbe umekufa tangu 1938!"

"Mbona hukuniambia mapema?" mama akasema. "Nisingesumbuka kumenya viazi."

LaRae akatueleza. Tovuti ilikuwa imeona akina Thora Mickelsen wawili, wa baba mmoja, mama mmoja, mji mmoja, na miaka ya kuzaliwa imekaribiana. Ikamletea ujumbe kwamba huenda ni mtu mmoja, naye akabonyeza kukubali. Papo hapo ikawaka alama nyekundu, maana mtoto aliyekufa hajaota meno yote sasa alikuwa na watoto sita. LaRae akaona kosa liko kwenye kile kifo. Akakifuta. Alama nyekundu ikazimika.

"Kwa hiyo umeshafufuka, Mama. Mti wetu wa ukoo sasa ni safi kabisa."

"Na dada yangu?"

"Dada yupi?"

Mama aliacha kutafuna. "Thora."

"Mama, Thora ni wewe."

Hapo mimi nilikuwa nimeshafika mbele kuliko wao. Verl na LaRae walikuwa wameagiza jiwe kubwa la ukoo, na msingi wake ulikuwa umwagwe wiki ile baada ya Siku ya Kumbukumbu, palepale penye nyasi tupu. Ramani ya makaburi haikuonyesha mtu pale. Sasa na mti wa ukoo ulikuwa ukisema hakuna mtu wa kuonyeshwa.

"Mtammwagia mtoto zege," mama alisema, wala hakupandisha sauti.

Jikoni, tukiosha vyombo, LaRae alinisogelea. "Wifi, zungumza na mama. Ana miaka themanini na mitano, watu wa umri huo huchanganya. Mashine imekagua, haina alama hata moja."

"Haina alama kwa sababu umeifuta wewe," nilimwambia.

Verl alikuwa mlangoni, ametusikia. "Jamani, Dwain wa makaburini ana ile nondo yake ya kupimia makaburi. Aje achome pale. Kama bamba lipo, litagonga."

"Na lisipogonga?" LaRae akauliza.

"Lisipogonga, mwageni zege lenu," mama akajibu kutoka mezani.

Nilitamani kumziba mdomo. Mtu wa kawaida angejiachia mlango wa kutokea.

Jumamosi asubuhi tulikuwa makaburini wote. Dwain, mtunza makaburi, alivua kofia, akamwita mama kama tunavyoitana kanisani. "Haya Dada Thora, nionyeshe."

Mama akaonyesha mahali pa kopo lake, kando ya kisiki. Dwain akachoma. Nondo ikazama hadi kwenye kiganja chake. Akachoma kushoto, akachoma kulia.

"Laini kama keki," alisema kwa huzuni.

LaRae hakucheka. Aliangalia viatu vyake, na hilo liliniumiza zaidi, kwa kuwa nilijua amemhurumia mama. Mama mwenyewe alikuwa akiangalia jiwe la babu yake, mzee Jeppe, lililokuwa hatua chache kutoka pale. Akaliendea, akaliegemea kwa mgongo, akajishusha chini.

"Mama, nyasi zimelowa!"

"Na mimi nina sketi nyingine nyumbani." Akanyoosha miguu. "Nilikuwa nakaa hivi. Baba anang'oa magugu, mimi kisigino changu kipo kwenye herufi ya kwanza. Choma hapa, Dwain, penye kisigino."

Dwain akachoma. Keki tena.

Verl akakohoa. "Mama, labda tu..."

Mimi niliitazama ile miguu mirefu ndani ya soksi nzito. "Mama, ulikuwa na umri gani?"

"Shule sijaanza."

"Basi miguu siyo hii." Nilipiga magoti, nikaweka mkono kwenye nyasi kando ya goti lake. "Mtoto ambaye hajaanza shule anaishia hapa. Suruali nilizowanunulia wanangu zinanitosha kujua."

Dwain akacheka, akachoma pale mkono wangu ulipokuwa.

Tok.

Dwain alikata nyasi kwa sepeto, akaikunja kama zulia, na LaRae ndiye aliyepiga magoti na kulifuta tope kwa mkono wa sweta yake. Ikatoka T, halafu H, halafu O kubwa kupita zenzake, kisha R iliyolala na A. Chini yake, 1938.

"Kumbe siku zote nampa maua kisiki," mama alisema.

LaRae alikuwa akilia. "Nisamehe, Mama."

"Mimi unanikosea nini, si umenifufua? Mwenzangu ndiye mrudishie kifo chake. Hana kingine."

Aliwatenga akina Thora na kukirudisha palepale, ameketi kwenye nyasi, simu imejaa matope. Tukiwa kwa mama tunakula viazi vya jibini, tovuti ikamletea ujumbe uleule: huenda ni mtu mmoja. Safari hii LaRae alibonyeza kukataa, ikamtaka aeleze sababu.

"Niandike nini, Mama?"

"Andika kwamba nilimkanyaga kwa kisigino nikiwa mtoto, na hakulalamika."

LaRae akaandika hivyohivyo, bila kupunguza neno.

Jiwe kubwa sasa liko upande wa pili wa mzee Jeppe, limebanana kidogo na uzio. Verl hulalamika kwamba mtu akipita barabarani halioni vizuri. Mama humjibu kwamba waliomo ndani wanaliona.