Nimeua Pikipiki ya Wafula kwa Laptop

Leo nimeua pikipiki ya mtu na sikuwa nimeshika hata spana.

Mnanijua. Miaka yote hapa Bungoma natune pikipiki, yaani naweka injini sawa, kwa bisibisi na sikio. Juzi nikaenda Kitale, mwalimu anaitwa Madam Nekesa akanifundisha kutune hizi mpya zenye kompyuta kwa laptop.

Mteja wa kwanza ni Wafula wa boda. Pikipiki yake inakunywa petroli vibaya.

Nikachomeka waya, nikaanza kuingiza mpangilio mpya kwa kompyuta ya injini. Hapo ufunguo haufai kuzimwa mpaka imalize.

Nageuka kuchukua kitambaa, Wafula amezima!

"Fundi, ulisahau ufunguo. Betri ingeisha."

Woi, bana.

Ikakataa kuwaka. Na hiyo pikipiki ndiyo inalisha watoto wake. Nikampigia Madam, nikamweleza yote.

"Ulihifadhi ule mpangilio wa zamani kabla uanze?"

"Nilihifadhi, Madam."

"Basi pumua. Rudisha huo kwanza, halafu uanze upya."

Nikamwambia Wafula akalie mikono yake. Na akaikalia kweli.

Ikawaka! Mimi huyo, nimeweka bisibisi kwa injini, mpini kwa sikio, nasikiza vile nimezoea. Imetulia kabisa. Karibu nilie.

Wafula akaondoka akiimba. Kufika pale kwa mteremko, kimya. Amezima injini ateremke bure, ati anaokoa petroli.

Si mniambie, huyo nitamtune na laptop gani?