Sanduku la Wanaongoja Kitansi

Binti yangu ni mwanasheria, na hasira zake ni za mwanasheria. Juma lililopita alikuja nyumbani akifoka kuhusu nchi moja ambako hukumu za mahakama zimewekwa kwenye intaneti. Mtu anaweza kuzisoma akiwa amelala kitandani kwake, ila kila ukurasa anaoufungua anatozwa ada. Kwa binti yangu huo ni wizi wa mchana. Hukumu inatolewa kwa jina la watu wote, alisema, basi kwa nini walipe ili waisome?

"Papa, weye ulitumika ku greffe. Unasema nini?"

Nilimwambia chai inapoa. Kabla ya hizo mashine kuja kutoza watu, kazi hiyo niliifanya mimi, kwa mikono yangu, na niliifanya kwa moyo wote.

Greffe ni ofisi ya mahakama inayotunza majalada na kutoa nakala za hukumu. Mwaka vita vya kwanza vilipoingia mji wetu wa Bukavu nilikuwa karani pale, kijana mwenye shati moja jeupe nililolifua kila nikitoka kazini. Mshahara tulikuwa tumeshausahau, nao ulikuwa umetusahau zaidi. Kilichotulisha ni ada za nakala. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: mtu akiomba nakala, jalada lake linatolewa rafuni, linafungwa kamba, linawekwa kwenye sanduku la mbao kando ya mlango. Humo linangoja mpaka mwenyewe alete kitansi, ile karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa. Likiwa sandukuni halifunguliwi kwa mtu yeyote. Sanduku tuliliweka mlangoni makusudi, ili kila mtu akija alione jalada lake palepale, roho imuume, akatafute pesa. Wazo hilo lilikuwa langu, na mkubwa wangu alinisifu mbele ya wenzangu.

Ndipo akaja maman mmoja, mjane. Mumewe alikuwa amemwachia nyumba ya mbao kule Kadutu. Shemeji yake akamfukuza humo, naye akaenda kujibanza na watoto kwa dada yake kule Nyangezi, nje ya mji. Alikwenda mahakamani na kesi ikaisha, lakini hukumu ilisomwa kwa Kifaransa, mbiombio, na yeye hakuelewa hata neno. Watu wawili waliokuwa wamekaa naye siku hiyo walimpa habari mbili tofauti.

"Papa greffier," aliniambia, "niko naomba ile karatasi ya tribunal. Chef wa quartier, mukubwa wa mtaa wetu, amesema bila ile karatasi hawezi kunirudisha mu nyumba."

"Maman, leta kwanza kitansi."

"Siko na makuta leo. Unisomee tu. Ile fasi yenye wanasema nyumba ni ya nani, nisikie na masikio yangu."

Nilimwambia kwamba kumsomea ni sawa na kumpa nakala. Ulikuwa uongo mtupu. Hukumu ilikuwa imeshasomwa mbele ya watu, na yeyote alikuwa na haki ya kuisikia tena. Tena nilikuwa nimetoka kuisoma dakika ile ile, wakati wa kuitoa rafuni, na nilimwambia hivyo: miye najua yenye iko ndani. Nasema kweli, niliona raha. Ni raha mbaya, kujua jambo ambalo mwenye jambo halijui, na kumwona amesimama mbele yako na viatu mkononi kwa sababu ya matope ya Nyangezi.

Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alileta kuku. Nilimrudishia kuku wake, nikamhubiria kuhusu rushwa kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye korido. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona mtu safi kuliko Bukavu nzima.

Kisha mabomu yakaanza. Tulikimbia kama watu wote, kwa miguu, upande wa Walungu, na tuliporudi mji ulikuwa na wenyewe wengine. Nilikwenda greffe nikitegemea kukuta majivu matupu. Rafu zilikuwa zimesimama, majalada juu yake na vumbi lake lilelile. Hakuna askari aliyekuwa na shida na hukumu zetu. Shida yao ilikuwa kuni. Sanduku lilikuwa pale mlangoni, mbao kavu, na ndani yake karatasi za kuwashia. Sasa halikuwapo; uani nilikuta mafiga matatu, majivu na sufuria iliyotoboka.

Ilinichukua muda kulielewa jambo hilo, na nilipolielewa nilikaa chini. Waliokuwa hawajawahi kutuomba kitu, mambo yao yalikuwa salama rafuni. Walioungua ni wale waliokuja kuomba.

Majuma machache baadaye yule maman akarudi. Safari hii alikuwa na kitansi, amekikunja ndani ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa ameuza mbuzi wa dada yake. Nilimwambia askari walichoma jalada lake. Sikumwambia ni nani aliyeliweka mlangoni.

Hakulia. Alifikiri kidogo, na alilolifikiri lilikuwa sahihi kabisa. Hakimu wetu alikuwa tayari kuiandika upya hukumu iliyopotea, mradi karani aliyeisoma aape na kutia sahihi. Sijui nani alimweleza hayo. Pengine hakuelezwa, alitumia akili yake tu. Mimi niliyajua. Nilijua pia kwamba shemeji yake sasa alikuwa na cheo kwa wale wenye mji wapya. Nilimwona kwa macho yangu akipita ndani ya jeep yao, bunduki magotini, akipungia watu mkono.

"Mutoto yangu," maman akasema. Hakuniita tena Papa greffier. "Ile siku ulisema unajua yenye iko ndani. Ilisema nini?"

Mkubwa wangu aliinua kichwa akanitazama, kisha akainamia karatasi zake.

"Nilishasahau, Maman."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliniambia aksanti. Neno hilo ndilo linalonisuta kuliko yote, maana alilisema bila kejeli, kama mtu aliyehudumiwa vizuri. Akakiacha kitansi mezani, kwa kuwa hakikuwa na kazi tena kwake, akatoka. Sikumwona tena, na sikwenda Nyangezi kumtafuta, ingawa ni mwendo ninaouweza.

Sikuwa nimesahau. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakusomea, na Kifaransa chake chote. Ilisema nyumba ni ya mjane na watoto wake, na shemeji atoke ndani ya siku nane. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu wakati anashuka ngazi, polepole, mkono ukutani, na kama ningesema hata kwa sauti ya chini angenisikia.