Kazue na Kitatange Aliyegoma Kula

Saa kumi na moja alfajiri, jikoni kwa Kazue Hamaguchi, kisu kifupi kinaingia kati ya magamba mawili ya kome na kuzungushwa taratibu. Kome huyu alilala kwenye friza ili baridi iue vijidudu, na sasa ameyeyuka. Nyama yake imebaki juu ya gamba la chini, nono, rangi ya maziwa. Kazue anaigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha imeshika, haitachomoka kwa mvuto mdogo.

Gamba hilo analiweka kwenye kisahani cheupe. La pili pia. Kome wa tatu ni mdogo, na huyo anatupwa kwenye sufuria ya supu ya miso inayoanza kutoa mvuke.

“Mama, naona wakubwa wote wanakwenda kwa Bosi,” anasema mumewe, Noboru, akifunga vifungo vya koti la kazini. Yeye anafanya kazi kiwanda cha barafu hapa Kozura, mji wa bandari. “Mimi naachiwa vitoto.”

“Wewe unakula bila kubembelezwa.”

“Basi na mimi nigome.”

“Goma, uone kama hata hivyo vitoto utabakiziwa.”

Bosi ni samaki. Yuko chumba cha nyuma, peke yake ndani ya tangi la kioo. Ni kitatange mchanga, bapa, mdogo kuliko kiganja cha mtoto. Ubavu wake ni mweupe, una mistari ya mshazari myembamba kama nywele. Kuelekea mkiani ni manjano ya kiini cha yai, na utepe mweusi umepita juu ya jicho kana kwamba amefungwa kitambaa. Huku wanamwita samaki-kipepeo, na ukimtazama anavyogeuka-geuka huwezi kubisha.

Kazue anapiga magoti, anateremsha gamba majini kwa vijiti virefu vya kupikia. Kitatange anasogea. Analitazama kwa jicho la kushoto, anageuka, analitazama kwa jicho la kulia. Kisha anakwenda zake nyuma ya jiwe.

“Amekataa tena,” anasema Kazue. Analitoa gamba kabla halijachafua maji na kuvifuta vijiti kwa aproni. “Sawa, bwana mkubwa. Tutaonana mchana.”

Samaki huyu asipokula, hatoki humu. Na asipotoka humu, Bi Sumie Okabayashi, mama asiyeweza tena kushuka bandarini kwa miguu yake, atapitisha baridi yote akitazama tangi lenye mawe na maji tu. Mwaka huu hakuna kitatange mwingine.

Kazue ana umri wa miaka hamsini na saba. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiwanda cha kukausha jodari, mpaka kilipofungwa. Kiwanda kilikuwa juu ya gati, na kila zamu ilipokwisha alikuwa akitazama majini.

Mkondo wa bahari kutoka kusini hupita karibu na Kozura, na kila mwisho wa kiangazi huja na vitoto vya samaki wa maji ya moto ambavyo havikupanga safari yoyote. Hukaa bandarini vikidonoa kuta na kunenepa, hadi maji ya Januari yaviue vyote. Kwa hiyo hapa hakuna anayeona vibaya ukivichota. Utakuta watu wazima wamelala kifudifudi ukingoni mwa gati, wavu mmoja wa kufukuzia mkono huu, na mkono ule wavu wa nailoni usioonekana majini.

“Nilikuwa natoka kazini nanuka moshi, nalala pale pale gatini,” anasema Kazue. “Wifi zangu walidhani nimeanguka. Walikuja mbio na maji ya kunywa.”

Vitatange wa kwanza aliowafuga walikufa. Waliofuata nao walikufa, wengi kwa njaa. Ndipo akaelewa kwamba kitatange si mmoja. Wako wanaodonoa kila kitu, na wako wasiokula ila matumbawe hai.

“Hao wa matumbawe nawaona, nawasalimia, nawaacha,” anasema. “Ukimtia kwenye kioo umemhukumu.”

Siku hizi watu wa Kozura na miji ya jirani humwita awapangie tangi la maji ya chumvi nyumbani. Hafiki na samaki. Kwanza anahangaika na sakafu.

Anaigonga kwa kifundo cha kidole, ameinamisha kichwa, akisikiliza wapi mhimili umepita chini ya mikeka. Tangi la wastani likijaa ni uzito wa watu wazima wanne waliosimama mahali pamoja bila kuondoka kamwe, na nyumba nyingi za hapa ni za mbao kuukuu. Anaweka pimamaji. Anauliza jua la asubuhi linaingilia dirisha gani. Anauliza ardhi ikitikisika tangi litaangukia upande gani, na upande huo analala nani.

Maji anayateka mwenyewe upande wa nje wa gati, bahari inapojaa, na kamwe si baada ya mvua. Kisha yeye na mwenye nyumba husubiri wiki kadhaa maji na mawe vizoeane. Hapo ndipo wateja wengi humchoka.

“Wananiambia, ‘Kazue, nimenunua tangi, sikununua ahadi.’ Nawajibu, wasio na subira wakafuge kuku.”

Mwezi mzuri humwachia yeni laki moja na nusu. Mwezi wa baridi haufiki hata nusu ya hapo, na mshahara wa Noboru ndio unaoziba.

Nyumba ya Mzee Tetsuji Okabayashi aliipima katika majira ya kuchipua. Mzee huyu alikuwa kinyozi wa mji. Kila kiangazi, tangu waoane, alikuwa akifunga saluni mchana na kwenda na mkewe bandarini kuwatazama vitatange.

“Mimi macho yangu ni ya mkasi, hayaoni mbali,” anasema mzee. “Sumie ndiye aliyekuwa anawaona kwanza. Ananipiga kiwiko, ‘Yule pale, chini ya kamba!’ Mpaka nimwone, ameshaondoka.”

Magoti ya Bi Sumie yalipokataa kabisa, kitanda chake kilihamishiwa chumba chenye madhabahu ya marehemu wa ukoo, maana ndicho chenye hewa. Kazue alipokwenda kupanga tangi, aliomba ruhusa akalala kitandani ubavuni mwa mgonjwa ili aone kile anachokiona yeye.

“Tulijibana kama wanafunzi kwenye safari ya shule,” anakumbuka Bi Sumie, akicheka. “Akaniambia, ‘Mama, hapa unaona dari na pua ya mumeo.’ Nikamwambia, ndiyo sababu nataka samaki.”

Tangi likawekwa juu ya stendi fupi, usawa wa mto wake, limefungwa kwenye nguzo lisije kumwangukia. Vitatange watatu wa mwaka uliotangulia wakaingia, pamoja na kamba wadogo wa kusafisha. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi Agosti.

Ilikuwa sikukuu ya Obon, milango yote wazi kupokea roho za wahenga, na mbu nao wakaingia. Mzee Okabayashi akawasha dawa ya mbu, ile ya duara inayofuka moshi. Feni isiizime, akaisukumia nyuma ya stendi ya tangi, kando kabisa ya pampu ya hewa.

Pampu ikavuta moshi ule na kuupuliza majini hadi kulipokucha. Kamba walikutwa chali. Hadi saa ya chai vitatange wote watatu walikuwa wamelala ubavu.

Mzee hakujua kwamba chanzo ni moshi wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Takechi, muuza samaki, ambako habari za Kozura hupimwa pamoja na ngisi, akasema mbele ya wateja: “Samaki wa Kazue ni kama maua ya sherehe. Wazuri leo, kesho unatupa.”

Familia mbili zilizokuwa zimeomba kupimiwa nyumba zilipiga simu kuahirisha. Hazikupiga tena.

Kazue alikuja na ndoo zake kutoa maji. Alipoinama nyuma ya stendi aliona kisahani na duara la majivu. Alikaa chini.

“Mzee, hii uliiwasha usiku ule?”

“Mbu walikuwa wanamng'ata mke wangu.” Kisha akaelewa.

“Ni mimi niliyepaswa kuuliza,” Kazue alimwambia. “Niliuliza jua, niliuliza tetemeko. Nyumba gani ya Kozura haichomi dawa ya mbu wakati wa Obon? Na chumba cha marehemu, ubani kila siku! Nilipanga kama vile humu hawaishi watu.”

Mzee alirudi kwa Bi Takechi siku hiyo hiyo na kueleza alichofanya, mbele ya wateja vilevile. Ila habari ya pili haikukimbia kama ya kwanza.

Kazue akapanga upya. Pampu aliitoa nje, akaiweka chini ya upenu ndani ya kisanduku kisichoingia mvua, na mpira wake akaupitisha kwenye tundu la zamani la kiyoyozi. Sasa tangi linavuta hewa ya uani, na ndani mtu achome atakacho. Maji mapya yakatekwa. Kilichobaki kilikuwa samaki.

Lakini dhoruba za mwaka huu ziliuvuruga mkondo. Kazue alilala gatini Septemba nzima, akaambulia vitatange wa matumbawe, akawasalimia, akawaacha. Mwisho wa Oktoba ndipo wavu wake ukamletea Bosi, na Bosi akagoma.

Mzee Okabayashi anafika mchana, pumzi juu, anakaa mbele ya tangi bila kuvua kofia.

“Binti, nipe tu. Akifika kwangu atakula. Akimwona Sumie atakula.”

“Hatoki, mzee.”

“Nimekukata nywele tangu una meno ya maziwa, leo unaniambia hatoki?”

“Na ulinikata vibaya. Darasa la pili lote nilikaa na kofia.”

“Ilikuwa mtindo!”

“Hatoki. Akifia pale, atakufa mbele ya macho ya Bi Sumie, na hana pa kugeuzia shingo. Mimi siwezi kumfanyia hivyo mara mbili.”

Mzee anavua kofia. “Basi mfanye ale,” anasema polepole.

Kwa Bi Takechi nako hakuna nafuu. “Kazue, kome wote hawa! Una wageni?” anauliza akimfungia.

“Mmoja, na amegoma kula.”

“Na hajala hata mmoja? Mgeni wa namna hiyo mimi ningemwitia teksi.”

Maneno hayo ya mgeni ndiyo yaliyomfanya Kazue asimame njiani. Mgeni akiwa peke yake mezani huona haya. Akiona mwenzake anakula, mkono wake nao unakwenda.

Alishuka bandarini, akachota kisamaki chenye mistari mitano ambacho watoto wa hapa hukiita Mlafi, kwa sababu hula hata uzi wa ndoana. Kwa siku chache alimweka tangi jingine kuhakikisha hana madoa meupe ya ugonjwa. Tatizo la Mlafi ni ugomvi, angemng'ata Bosi mapezi. Kazue akachukua chujio la plastiki la kuoshea mboga, akalining'iniza ndani ya tangi la Bosi, na Mlafi akakaa humo kama mfungwa wa heshima.

“Chujio langu la tambi!” Noboru alilalamika.

“Utakula wali.”

Akaweka gamba moja ndani ya chujio na jingine nje, yakitenganishwa na ukuta wa matundu. Mlafi akamrukia kome wake, akimkung'uta huku na kule. Kitatange akatoka nyuma ya jiwe. Akatazama kwa jicho la kushoto. Akatazama kwa jicho la kulia. Akasogeza mdomo wake mwembamba kwenye gamba lake na kudonoa.

Akadonoa tena, mara hii akavuta, na kipande cheupe kikakatika.

“Noboru! Njoo! Usikimbie, sakafu inatikisika! Njoo!”

Hata hivyo, Kazue hakumpeleka Bosi siku hiyo. Siku zilizofuata alichanganya nyama ya kome na kamba waliosagwa, halafu na chakula kikavu kilicholoweshwa, akikishindilia kwenye gamba lile lile, mpaka samaki akawa anakula kikavu kitupu. “Mzee ana miaka themanini na moja,” anasema. “Sitaki awe anapasua kome na ile mikono.”

Bosi aliondoka nyumbani kwa Kazue alasiri moja ya Novemba, ndani ya mfuko wa maji uliofungwa kwenye sanduku la povu, juu ya mapaja ya Noboru. Kwa Okabayashi mashindano ya mieleka ya sumo yalikuwa yanaendelea kwenye televisheni. Mfuko ulielea tangini hadi maji yakawa na joto moja. Kisha kitatange akatoka, akazunguka jiwe, akasimama mbele ya mto wa Bi Sumie.

Bi Sumie alinyoosha kidole. “Yule pale,” akasema. “Tetsuji, unamwona?”

“Namwona.”

“Kweli?”

“Ningemkosaje, hana pa kwenda!”

“Basi zima sumo. Makelele yatamkatisha hamu.”

Lilikuwa pambano la mwisho la siku, mabingwa wawili wameshainama, mikono inakaribia mchanga. Mzee Okabayashi alitazama skrini, akamtazama mkewe, akabonyeza. Kazue akampa chembe za chakula kikavu azidondoshe mwenyewe, na samaki akazifuata moja moja hadi juu.

Hadi sasa hakuna familia mpya iliyopiga simu. Kazue hajakaa kuisubiri. Amemwomba muuguzi anayezungukia wagonjwa wa Kozura awaulize wale wasioinuka kitandani kama wangependa apime vyumba vyao, na wawili wamesema ndiyo. Sakafu ya mmoja ameshaigonga, ni imara.

“Mkondo ukirudi kiangazi kijacho nitalala gatini hadi wanifukuze,” anasema, akikunja mkono wa sweta. “Nahitaji vitatange sita. Wanne ni wa hao wapya. Wawili ni wa Bi Sumie. Ameshanituma, anasema huyu mmoja anachoka kutazamwa peke yake.”